Waliponiita Monika

Jumatatu, 4 Agosti

Nimeshona mikono ya magauni tu leo. Ya kulia imeisha kabla ya chakula cha mchana, ya kushoto saa kumi. Baridi imekaa kwenye vidole, sindano imenichoma mara mbili. Vitenge vya somo wetu, mtakatifu msimamizi wa kina mama, vilifika Ijumaa: bluu, na uso wa Mtakatifu Monika kifuani, ameinua macho juu. Kina mama wote wa parokia wanataka kuvivaa siku ya sherehe, tarehe thelathini na moja. Mafundi wamejaa Makambako nzima lakini vimeletwa kwangu. Mama Oliva, mwenyekiti wao, anasema mimi najua kukata bila kumpasua mtakatifu. Ni kweli. Fundi wa mwaka jana alimpitisha mshono kwenye paji la uso.

Mama amekohoa mchana kutwa. Miaka tisa, tangu Festo mume wangu aondoke, naishi na mama yake, na bado nikisikia anakohoa naacha kazi.

Alhamisi, 7 Agosti

Jumuiya imesali kwetu. Watu kumi na wanne, viti vichache, wengine wamekaa kwenye madebe ya mahindi. Mama hakuingia. Ni Mlutheri. Hukaa jikoni anatusikiliza, rozari ikiisha hutuletea chai.

Kwenye nia za maombi, Mama Oliva ameomba kama kila Alhamisi: Festo arudi kwa mke wake. Kisha akasema sisi hatuna haja ya kumtafuta Monika mbali, tunaye hapa. Wote wakanitazama. Nikainama. Wamedhani ni unyenyekevu.

Ni aibu. Sijamwombea Festo huu mwaka wa tatu. Miaka sita niliomba kweli, na kufunga nilifunga. Halafu siku moja nilikuwa naosha sufuria nikagundua ninaogopa asije akarudi. Nisingeweza kuendelea kuomba kitu ninachokiogopa. Tangu hapo nachezesha midomo. Hakuna anayejua. Naandika hapa tu.

Jumanne, 12 Agosti

Festo amerudi.

Saa sita mchana, mlangoni pa kibanda changu cha kushonea karibu na stendi. Begi moja. Nilikuwa natia uzi, sikuinua kichwa. Akasema, "Mama Adela." Nikamuuliza, "Suruali au shati?" Ndipo nikamtazama.

Sikulia. Sikufurahi. Nilimaliza kutia uzi. Nikafunga kibanda, nikatangulia, yeye nyuma. 

Mama alikuwa anaota jua. Hakushtuka. Alimshika uso kwa mikono miwili akamwambia kwa Kibena kwamba amekonda. Basi. Kama mtu aliyetoka sokoni.

Jumatano, 13 Agosti

Amelala kwenye kochi. Sikumwambia alale pale, alilala mwenyewe.

Asubuhi ameeleza. Maneno machache, macho chini. Miaka tisa iliyopita alipeleka lori la mbao Tunduma, akaniambia atarudi Jumamosi. Alipofika huko kulikuwa na mwanamke. Wakakaa pamoja. Sasa mwanamke ameondoka, huu mwaka wa pili. Hawana mtoto. Sikuuliza lolote. Kulikuwa na maswali mengi zamani, nimeyatafuta sikuyaona.

Akaulizia koti lake la baridi. Nikamwambia nililikata, nikamshonea Mama mto wa kukalia. Akasema sawa. Ametoka na shati lake hilo jepesi kwenye umande.

Mpaka mchana mtaa mzima ulishajua. Kina mama wamekuja kibandani na vigelegele. Mama Oliva amepiga magoti pale pale juu ya vipande vya vitambaa, akamshukuru somo wetu. Machozi yalikuwa yanamtoka kweli. Mimi nikashona kola. Nilishona kola tatu kabla hajainuka.

Jumapili, 17 Agosti

Padre ameeleza maisha ya somo. Tunayajua, lakini leo ameyaeleza akinitazama. Kwamba Monika alikuwa na mume mkali akamvumilia. Kwamba mwanawe Augustino alipotea njia, na yeye akalia na kusali miaka mingi mpaka akaongoka. Kisha akasema hata hapa Makambako somo wetu yupo kazini. Watu wakapiga makofi. Festo alikuwa benchi la nyuma, upande wa wanaume.

Baada ya Misa Padre ametuita ofisini, mimi na Festo. Anataka siku ya sherehe turudie ahadi za ndoa mbele ya parokia yote, na mimi nitoe ushuhuda. Festo akasema, kama Mama Adela anataka. Padre akanigeukia. Ni kijana, ametokea Manda kule ziwani, baridi yetu inamtesa, anavaa sweta mbili ndani ya kanzu na hata hivyo haachi kwenda vigangoni, kwenye makanisa madogo ya vijijini. Uso wake ulikuwa umejaa furaha.

Nikasema sawa.

Kwa nini nimesema sawa? Neno lilitoka kabla sijalifikiria.

Jumanne, 19 Agosti

Siku ya pili ya novena, zile sala za siku tisa kwa somo. Festo amepiga magoti kando yangu. Nyimbo zote bado anazikumbuka. Sauti yake ya chini, ile ile. Kuna mahali kifuani pamecheza. Nimechukia kwamba pamecheza.

Nyumbani anapasua kuni. Mlango wa choo ameunyoosha. Asubuhi anachemsha maji, anamwosha Mama miguu, anaipaka mafuta kidole kimoja kimoja. Angekuwa mlevi ningejua la kufanya. Angekuwa mkali pia ningejua. Huyu sijui nimweke wapi.

Mama Oliva ameniandikia ushuhuda kwenye karatasi, kurasa mbili, ili nisihangaike. Ndani yake mimi nimelia kila usiku kwa miaka tisa.

Ijumaa, 22 Agosti

Adela, binti yetu, amekuja kutoka Njombe. Chuo cha uuguzi kimempa siku mbili. Alikuwa na miaka kumi na moja baba yake alipoondoka. Nilikuwa namsubiri kama shahidi wangu.

Amesema shikamoo. Ameketi mbali na baba yake. Nikasema moyoni, vizuri. Alasiri nikamkuta nyuma ya nyumba anafua shati la baba yake. Nikamuuliza kwa nini. Akasema ni chafu. Nikaendelea kusimama pale. Akakamua shati, akasema:

"Mama, unataka nimchukie kwa niaba yako?"

Hakusema kwa ukali. Nikamsaidia kuanika.

Jumapili, 24 Agosti

Siku hizi watu wananisalimia kwa kushika mikono yote miwili. Wazee kabisa wananiambia kamwene, salamu ya Kibena, wao kwanza, wakati mimi ndiye wa kuanza.

Baada ya Misa mwanamke wa kigangoni amenifuata mpaka getini. Simjui. Mume wake yuko Mbeya, huu mwaka wa nne. Ameniomba nimwombee kwa sababu mimi nimesikilizwa. Amenishika mkono hakutaka kuuachia. Nimemwambia nitamwombea.

Nimemdanganya? Nilitaka kumwambia, mama, mimi sikuomba. Nikaona macho yake nikanyamaza.

Labda waliomba wao ikatosha. Labda ndivyo inavyofanya kazi. Mimi sijui.

Jumatatu, 25 Agosti

Mama amenieleza jambo leo. Tulikuwa nje juani tunachambua maharage, Festo ameenda kusaga.

Ni yeye aliyemwita Festo. Kwa simu ya jirani, mwanzoni mwa mwezi huu. Namba alipewa na mtoto wa dada yake anayepakia malori. Nikauliza alipewa lini. Akasema mwaka wa nne sasa. Aliifunga kwenye pindo la kanga.

Nikasimama. Ungo wa maharage ukamwagika. Sikuyaokota.

Miaka minne. Kila Alhamisi wakisali kwetu amewaletea chai watu wanaomwomba Mungu awaonyeshe alipo Festo, na namba iko kwenye kanga yake. Nimemfulia kanga hiyo. Alikuwa anafungua pindo kwanza, nikadhani ni vidonge.

Nimekwenda kibandani, nimeshona mpaka jioni, na kila nilichoshona nimekifumua.

Jumanne, 26 Agosti

Asubuhi nimempa uji bila kumsemesha. Mchana pia. Jioni nimeshindwa. Nikavuta kigoda nikakaa mbele yake.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungejua ana mwanamke ungeondoka. Ningebaki na nani?"

"Na sasa umemwita wa nini?"

Akafumba macho. Nikadhani amesinzia. Kisha akajibu polepole, Kiswahili chake kikimshinda anaingiza Kibena.

"Nimemwita anitunze. Ni mwanangu, ni zamu yake. Wewe umechoka, mimi nakuona ukiinuka. Sikumwita aje kuwa mume. Hayo ni yenu."

Nikamwambia parokia wanasema ni Monika. Akauliza huyo Monika alikuwa anamlilia nani. Nikasema mumewe kidogo, zaidi mwanawe.

"Basi ni mimi," akasema. "Mimi ndiye niliyemlilia. Hao wenzako wamekubebesha machozi yangu."

Alisema kama mtu anayesahihisha bei sokoni. Miaka tisa amekaa jikoni anasikiliza habari za mtakatifu ambaye kanisani kwao hawamwombi, na amemwelewa kunishinda.

Amenificha ili nisimwache. Je, ningemwacha? Labda. Ninaona aibu kwa hiyo labda. Hasira ipo, lakini nikimtazama, kale kamwili kalivyojikunja kwenye blanketi, haina pa kukaa.

Jumatano, 27 Agosti

Leo ndiyo siku yenyewe ya somo. Sherehe ni Jumapili, lakini asubuhi kulikuwa na Misa. Watu wachache, mvuke unatoka vinywani. Nilikwenda ili nimwambie Padre ukweli. Nikamngoja mlangoni. Akatoka akicheka, akaniuliza kama ushuhuda uko tayari. Nikasema uko tayari.

Mwoga mimi.

Ijumaa, 29 Agosti

Nimemuuliza Festo kama yeye anataka turudie ahadi. Akasema atafanya ninavyotaka. Nikamwambia hilo si jibu. Akaweka shoka chini.

Akasema anaona haya kusimama mbele za watu. Akasema hajui kama anastahili hata kochi. "Lakini nikikataa mimi, Mama Adela, watasema nimekuacha mara ya pili."

Kweli kabisa. Kwa hiyo ni mimi wa kukataa.

Nilimuuliza pia kama alikuja kwa ajili yangu. Akasema alikuja kwa sababu mama yake alimwita, na njiani alianza kutumaini. Angalau hakudanganya. Ningependa angedanganya kidogo. Sijui kwa nini nimeandika hivyo.

Jumapili, 31 Agosti

Kanisa lilikuwa bluu tupu. Monika kila benchi, kila kifua, macho juu. Nimevishona vyote na leo sikuweza kuvitazama.

Mama alikuja. Hajawahi kuingia kanisani kwetu. Adela alimshika mkono mpaka benchi la pili, Mama amevaa shuka lake jeusi la ibada. Watu wakasogea wakampisha.

Baada ya mahubiri Padre akatuita mbele. Festo akasimama kushoto kwangu. Nikapewa kipaza sauti. Karatasi ya Mama Oliva ilikuwa mkononi. Nikaona mstari wa kwanza, kwamba nimelia kila usiku. Nikaikunja.

Nimejaribu kukumbuka nilivyosema. Nadhani ni hivi:

"Tumsifu Yesu Kristo. Naitwa Imelda. Festo amerudi, nashukuru, amerudi kwa mama yake. Mmeomba ninyi. Mimi huu mwaka wa tatu sikuomba, nilichezesha midomo tu. Huyu ni mume wangu, sikatai. Lakini leo siwezi kurudia ahadi. Nikirudia leo nitakuwa nimesema uongo mbele ya altare. Naomba msiniite Monika."

Mtoto akalia mahali. Padre alifungua kitabu, akakifunga, akakifungua tena. Festo alikuwa anatazama viatu vyake. Kisha mwalimu wa kwaya, nadhani kwa kukosa la kufanya, akaanzisha wimbo wa matoleo. Zamu yake ilikuwa bado. Watu wakainuka hivyo hivyo na viazi vyao, mahindi, maparachichi, jogoo mmoja, wakaja mbele. Mimi nikawa narudi, wao wanakuja. Tulipishana katikati ya kanisa. Hakuna aliyenitazama usoni.

Mama alisogea akanipa nafasi. Uso wake ulikuwa umelowa mpaka kwenye shuka. Adela akaninong'oneza kwamba alianza kulia Padre alipotaja Augustino. Hakuna aliyemwona. Wote walikuwa wananitazama mimi.



Jumatatu, 1 Septemba

Hakuna mteja. Mama Oliva amepita ng'ambo ya barabara, uso mbele. Miaka kumi na tano ya urafiki. Imeniuma sana.

Sijutii. Najuta. Yote mawili, tena kwa wakati mmoja.

Festo amepasua kuni kutwa. Zinatosha mpaka mvua zianze.

Alhamisi, 4 Septemba

Padre amekuja kibandani. Amekaa kwenye benchi la wateja, magari ya Songea yanapita, vumbi linatuingia. Alisema Jumapili alikasirika. Jumatatu pia. Halafu akaanza kukumbuka siku ile ofisini, kwamba alinitazama lakini hakuniuliza. Alifurahi mno, akasema, na sherehe ilikuwa inakaribia.

Akauliza kama ni kweli ile habari ya miaka mitatu. Nikasema kweli. Akauliza kama sasa ninasali. Nikasema ninakwenda kanisani. Akatikisa kichwa. Nilitegemea aniambie la kufanya. Akasema ndoa ipo, haijaondoka, ila mimi nisikimbizwe na mtu kuirudia. Zaidi ya hapo naye hajui.

Sijawahi kumsikia padre akisema hajui. Nimepata nafuu na hofu.

Ameacha kanzu yenye pindo lililofumuka. Nimeishona jioni hii, mshono wa mara mbili.

Jumamosi, 6 Septemba

Wameondoka. Mama anataka kuwa kwao, upande wa Igwachanya, karibu na kanisa lake na makaburi ya watu wake. Festo atakuwa naye. Atalima viazi bondeni. Ameuliza kama ninaona ni sawa. Nikasema ni sawa, na safari hii nilikuwa nimefikiri.

Godoro juu ya gari la Noah, sufuria mbili, ule mto wa koti. Mama alinishika uso kama alivyomshika Festo siku ile. Hakuniomba radhi. Hakunishukuru. Aliniambia nije kula.

Nyumba kubwa ghafla. Nimefagia. Hakukuwa na uchafu.

Alhamisi, 11 Septemba

Jumuiya ilisali kwa Mama Oliva. Nilisita nikaenda. Nilikuta wameniwekea kiti. Kwenye nia pakawa kimya pale ambapo kila wiki tulikuwa tunamtaja Festo. Nikaomba mimi. Nimemwombea mwanamke wa kigangoni ambaye mume wake yuko Mbeya. Kwa sauti. Sikujua jina lake nikasema hivyo hivyo, yule mama.

Mama Oliva akaitikia. Chai alinipa wa mwisho, lakini alinipa.

Jumamosi, 13 Septemba

Nimekwenda Igwachanya.

Mama alikuwa uani juani. Hakohoi sana. Festo alikuwa jikoni, macho mekundu kwa moshi, anasonga ugali. Nilitaka kuingia nimsaidie, Mama akanizuia kwa mkono. Nikawekewa kiti chenye mgongo, mahali pa mgeni. Festo akaleta maji, akaninawisha. Miaka yote ya ndoa hakuwahi kuninawisha, wala mimi sikutegemea.

Ugali ulikuwa na mabuje ya unga mbichi. Mboga imezidi chumvi. Nikala nikamaliza. Mama alikula kidogo akasinzia pale pale kwenye kiti, kijiko mkononi. Festo akakichukua taratibu, akamfunika.

Hatukuongea mengi. Viazi, mbolea, Adela na mitihani yake. Jioni ikikaribia akanisindikiza barabarani. Tulisubiri gari, kila mtu upande wake wa jiwe. Likaja. Akasema nifike salama. Nikasema nimeshukuru kwa chakula.

Bado ni mume wangu. Sijui maana yake ni nini kwa sasa. Sijui kama nitajua.

Nimefika nyumbani kukiwa na mwanga. Nimechemsha chai ya mtu mmoja, nimekaa chini, nimeinywa yote ikiwa bado ya moto.